Rika Lililobeba Vita Viwili: Ukingo wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa, 1887–1964

Mkongwe mmoja aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza na Vita Kuu ya Pili ya Dunia anajulikana sana katika historia ya Tanganyika, naye si mtu. Ni kikosi: Kikosi cha Sita cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya. Tarehe ya kuundwa kwake inajulikana, mapigano yake yameandikwa, na kambi kubwa ya Dar es Salaam iliwahi kupewa jina la ushindi wake. Lakini nyuma ya kila kikosi kuna watu. Kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia Itungi na Mwaya hadi mto Songwe, waliishi watu walioviona vita vyote viwili. Vya kwanza viliwafuata nyumbani na kuwatwisha mizigo. Vya pili viliwachukua wana wao hadi Burma. Majina ya wengi wa vita vya kwanza hayakuandikwa popote. Historia hii inaeleza jinsi hali hiyo ilivyokuja, na kwa nini bado inatuhusu.

Ziwa linageuzwa mpaka, 1887–1893

Kabla ya Wazungu kuchora mipaka, Songwe ulikuwa mto tu. Ng'ambo moja walikaa Wanyakyusa na ng'ambo ya pili Wangonde wa Karonga, watu wenye asili moja na lugha zinazoelewana. Mwaka 1887, mfanyabiashara wa watumwa Mlozi alipowashambulia Wangonde, wengi walivuka kukimbilia kaskazini. Vita hivyo viliendelea kwa vipindi hadi Desemba 1895, Waingereza walipomkamata Mlozi na kumnyonga.

Wakati huo mpaka ulikuwa umekwisha kuchorwa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliougeuza Songwe kuwa mstari wa kutenganisha makoloni mawili. Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe, na wenzao wa misheni ya Berlin wakaingia mwaka huohuo. Kisha ikaja meli. Stima Hermann von Wissmann ililetwa vipande vipande kutoka pwani ya Msumbiji kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Pale mto usipopitika, vipande hivyo vilibebwa na watu. Mwaka 1893 Wajerumani walianzisha boma lao la Langenburg, Lumbila, chini ya milima ya Livingstone. Baadaye waliihamishia serikali kwenye nyanda za juu za Rungwe, mahali walipopaita Neu Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo.

Kuanzia hapo nchi ikawa na vitu viwili vinavyotegemeana: makao ya serikali juu mlimani na bandari chini ziwani. Kati yake kulikuwa na mpando wa karibu mita elfu moja, kutoka tambarare ya Kyela yenye joto na mafuriko hadi baridi ya Tukuyu. Kila kilichoshushwa melini kilipaswa kupandishwa, na wa kukipandisha walikuwa wenyeji.

Kijiji cha rika na kodi ya nyumba, 1893–1914

Ili kuelewa vita viliwagusa vipi watu hawa, lazima kwanza tuelewe walivyoishi. Kwa Wanyakyusa kijiji hakikuwa cha ukoo, kilikuwa cha rika. Wavulana wa umri wa kama miaka kumi waliondoka kwenye nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja, wakawa wanarudi kwa mama zao kwa makundi ili kula. Walipokua waliwaleta wake zao hapohapo, nacho kibanda cha utoto kikawa kijiji cha watu wazima. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa ya ubusoka: wazee waliwakabidhi vijana madaraka na ardhi, mamalafyale wapya, yaani machifu, wakatambuliwa, na mafumu, yaani viongozi wa vijiji, wakateuliwa. Kwa hiyo mtu alimjua mwenzake wa rika kama anavyomjua ndugu yake. Aliyepotea kijijini hakupotea kimyakimya, kwa maana rika zima lilijua ni nani hayupo.

Wajerumani walikuwa na njia yao ya kuhesabu. Kuanzia mwaka 1898 koloni lilitozwa kodi ya nyumba, na asiye na fedha aliilipa kwa kazi. Upagazi, ujenzi wa barabara na utumishi katika mashamba na misheni vilianza kuwaondoa vijana vijijini. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, upande wa Songea uliumia vibaya. Rungwe haikuinuka, lakini ilishuhudia serikali inavyoadhibu. Kufikia 1914 wanaume wa ukingo huu walikuwa wamekwisha kujua kwamba mzigo wa serikali haukataliwi ovyo.

Risasi ziwani na Karonga, Agosti–Septemba 1914

Vita vilipotangazwa Ulaya mwanzoni mwa Agosti 1914, Waingereza wa Nyasaland walipata habari kabla ya Wajerumani waliokuwa ziwani. Walikuwa na stima yenye silaha, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya sasa, ikifanyiwa matengenezo. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ilitokea ikaipiga kwa mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa siku nyingi wa Rhoades. Hakuwa na habari ya vita, akamwendea kwa mtumbwi akiwa amekasirika, akitaka kujua rafiki yake amepatwa na nini. Alijibiwa kwamba nchi zao zinapigana, naye akawa mateka.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama kichekesho, ilhali matokeo yake yalikuwa mazito. Kwa pigo hilo moja ziwa lote lilikuwa la Waingereza. Wajerumani wa Neu Langenburg walipoteza njia ya maji, wakabaki na njia ya nchi kavu tu, yaani migongo ya watu.

Walijaribu kugeuza mambo upesi. Mwezi Septemba jeshi lao lilivuka Songwe kuelekea Karonga. Tarehe 9 Septemba 1914 lilikutana na askari wa Keya na wazungu wa kujitolea kutoka Nyasaland, likapigwa, likapoteza maofisa na askari wengi, kisha likarudi ng'ambo. Kwa watu wa pande zote mbili za mto ilikuwa aibu iliyoletwa na wageni: askari na wapagazi wenye lugha moja walijikuta kwenye mistari inayopigana kwa sababu ya mkataba ambao hakuna babu yao aliyeulizwa.

Mtu mmoja alilisema jambo hilo waziwazi. John Chilembwe, mchungaji wa Nyasaland, aliandika barua gazetini Novemba 1914 akihoji kwa nini Waafrika wafe katika vita visivyo vyao huku wajane na yatima wao wakiachwa bila kitu. Januari 1915 aliongoza maasi yaliyozimwa baada ya siku chache, naye akauawa tarehe 3 Februari. Swali lake lilibaki bila jibu.

Miaka ya mizigo, 1915–1917

Kwa zaidi ya mwaka mmoja Songwe ulikuwa mstari wa vita. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza walirudi Sphinxhaven kumalizia kuiharibu Wissmann. Mwisho wa Mei 1916 Jenerali Northey alivusha vikosi vyake kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wajerumani waliiacha Neu Langenburg na kurudi nyuma kuelekea Njombe na Iringa, nao Waingereza wakawafuata. Ndani ya siku chache ukingo wote wa kaskazini ulikuwa na bwana mpya.

Mabadiliko makubwa kuliko yote hayakuwa bendera, yalikuwa bandari. Mwaya iligeuka mlango wa jeshi la Northey. Shehena zilipanda reli na mito kutoka pwani ya Msumbiji, zikavuka ziwa kwa stima, zikashushwa kwenye mchanga wa Mwaya. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo njia ya mizigo ilivyozidi kurefuka, na ndivyo watu wengi zaidi walivyohitajika.

Hesabu ya upagazi ilikuwa ya kikatili, na ni vizuri kuifanya taratibu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25. Tuseme mpagazi anakula karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, amekula karibu sawa na mzigo mzima aliojitwika. Ili mfuko mmoja wa unga umfikie askari wa mbele, ilibidi mifuko mingine iliwe njiani na wanaoibeba. Majemadari walikuwa na njia mbili tu: kuongeza wapagazi au kupunguza posho yao. Mara nyingi walifanya yote mawili.

Ndiyo maana idadi ya waliobeba iliizidi mbali ile ya waliopigana. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na Nyasaland pekee ilitoa takribani 200,000, walioitwa tengatenga. Wajerumani nao walibebesha watu, wakachukua ng'ombe na vyakula kila walikopita. Wengi wa wapagazi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mtu wa tambarare ya Kyela, aliyezoea ndizi na samaki, alijikuta kwenye baridi ya Njombe akiwa na blanketi moja na unga usioiva vizuri kwa kukosa kuni na muda. Tumbo lilipoharibika alibaki nyuma, na aliyebaki nyuma mara nyingi hakuandikwa.

Hapo ndipo kijiji cha rika kilipopata jeraha lake. Rika lililokuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1914 lilikuwa ndilo hasa lililotakiwa. Walichukuliwa wavulana waliojenga vibanda pamoja, na waliorudi hawakuweza kukijaza tena kijiji.

Kuzaliwa kwa mkongwe, 1917–1919

Mwaka 1917 Waingereza waliunda Kikosi cha Sita cha Keya. Askari wake wengi walikuwa watu waliokwisha kulitumikia jeshi la Ujerumani, wakatekwa au wakajisalimisha. Watu haohao, kwa silaha nyingine na chini ya amri ya lugha nyingine, wakaelekezwa dhidi ya jeshi walilotoka. Wengine wameuita huo usaliti, wengine njaa. Mimi naona ni busara ya mtu asiye na vita vyake: alikuwa fundi wa kazi ya uaskari, na mwajiri alikuwa amebadilika.

Kamanda wa jeshi la Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Amani ilikuja pamoja na homa ya mafua iliyoenea dunia nzima, ikawakuta watu waliokwisha kudhoofishwa na njaa na kazi. Malipo ya wapagazi wengi waliokufa hayakuwafikia warithi wao. Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika kwa jumla. Jina la mtu hata mmoja miongoni mwao halikuandikwa.

Katikati ya vita, 1919–1939

Bwana mpya aliandika kwa Kiingereza na kurudisha jina la Tukuyu. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa wakati wa vita, na kwa muda kazi yao ilisimamiwa na Waskoti wa Nyasaland. Lakini walioshikilia makanisa na shule kijijini walikuwa walimu na wazee wa Kiafrika. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta Ukristo wenye wenyewe. Hilo nalo ni tokeo la vita: watu waligundua kwamba wanaweza kuendesha mambo yao.

Uchumi nao uligeuka. Dhahabu ya Lupa, Chunya, ilianza kuchimbwa miaka ya 1920 na kuwavuta vijana wa Rungwe kwa maelfu. Mpunga wa tambarare na kahawa ya milimani vikaleta fedha. Safari ya kwenda mbali kutafuta mshahara, iliyoanza kwa amri ya jeshi, ikawa desturi ya kila kijana anayetaka kuoa. Watafiti Godfrey na Monica Wilson waliishi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, wakaandika kwa kina habari za vijiji vya rika. Vijiji walivyovikuta vilikuwa vimekwisha kupita kwenye vita na uhamaji. Wanaume wa makamo waliowasimulia walikuwa wa rika lile la mizigo.

Wana wanakwenda Burma, 1939–1945

Septemba 1939 vita vilirudi. Mara hii Songwe haukuwa mstari wa mapigano, kwa kuwa pande zote mbili zilitawaliwa na Mwingereza. Wajerumani waliokuwa Tanganyika, wakulima na wamisionari, walikusanywa na kuzuiliwa. Vijana wa rika jipya walianza kuandikishwa, na baba zao waliokuwa wamebeba mizigo ya Northey walikuwa wazee wa miaka arobaini na tano hivi. Wachache walichukuliwa tena kwa kazi, ila wengi walibaki kulima na kusubiri barua.

Takribani watu 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini katika vita hivyo. Mkongwe wetu, Kikosi cha Sita, alikwenda kupigana na Waitaliano. Tarehe 19 Mei 1941, kwenye kivuko cha mto Billate mahali paitwapo Colito, kusini mwa Ethiopia, askari wake walishambuliwa na vifaru. Sajini Nigel Leakey, mlowezi kutoka Kenya, alikipanda kifaru kimoja akakinyamazisha, akauawa akikishambulia kingine. Alipewa Nishani ya Victoria. Askari Waafrika waliovuka mto pamoja naye siku hiyo hawakupata sifa iliyolingana na yake, ingawa bila wao hapakuwa na ushindi wa kusifiwa. Mwaka 1942 kikosi hicho kilikwenda Madagascar.

Kadiri jeshi lilivyopanuka, vikosi vipya vya Tanganyika vilipewa namba zinazoishia na sita ili asili yake ijulikane: 26, 36, 46. Vikosi vya 26 na 36 vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoingia bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua za masika ya Asia mwaka 1944. Kijana wa Kyela aliyajua matope na mafuriko, lakini si matope yenye Mjapani amejificha kila kona. Barabara zilizama, magari yakakwama, chakula kikaangushwa kwa ndege. Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni hiyo iliingia Kalewa, na muda mfupi baadaye likajengwa juu ya mto Chindwin daraja la zaidi ya mita 350 lililolivusha jeshi kwenda kuikomboa Burma.

Tofauti na vita vya baba zao ilikuwa kubwa. Askari huyu alikuwa na namba, mshahara, posho inayotumwa nyumbani na daktari. Alijifunza kusoma, kuendesha gari au kupeleka simu za upepo. Akifa, jina lake liliandikwa. Hata hivyo mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu wa cheo hichohicho, na amri za juu hazikuwa zake. Huko nyumbani, tangu Japani iiteke Malaya mwaka 1942, watu wengine walilazimishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge na mpira. Kazi ya lazima ya 1916 ilikuwa imebadili sura tu.

Kurudi na kuuliza, 1946–1964

Waliorudi walishuka ziwani au wakaja kwa lori kupitia Mbeya. Walikuwa wameona Wazungu wakiogopa, wakikimbia na kufa. Waliuliza kwa nini nchi ambayo vijana wake wamepigania uhuru wa wengine haina uhuru wake. Si wao peke yao waliojenga chama cha TANU kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, maana walimu, wakulima wa ushirika na wanawake walifanya kazi kubwa. Lakini swali la Chilembwe lilikuwa limepata watu wengi wa kuliuliza.

Mkongwe naye alifika mwisho wake. Wakati wa uhuru, Desemba 1961, Kikosi cha Sita kiligeuka kuwa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, na kambi yake nje ya Dar es Salaam iliitwa Colito. Maofisa wengi wakabaki Waingereza, na mshahara ukabaki mdogo. Alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi wakipinga mambo hayo mawili. Maasi yalizimwa na wanajeshi wa Uingereza, kikosi kikavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kambi ya Colito ndiyo Lugalo ya leo. Jeshi lililoundwa kwa mateka wa vita vya wengine likawapisha wananchi wenyewe.

Hesabu iliyobaki

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba kati ya watu 116,000 na pengine 350,000 waliokufa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Januari 2025 ilizinduliwa huko Cape Town kumbukumbu yenye majina ya zaidi ya Waafrika Kusini weusi 1,700 waliokufa katika kazi za vita hivyo. Majina hayo hayakuangushwa na mbingu. Yalitafutwa kwenye makaratasi ya zamani, moja baada ya jingine.

Ukingo wa Itungi unastahili kazi hiyohiyo, nao una nyenzo ambayo sehemu nyingi hazina. Rika lilijua ni nani hakurudi. Makanisa ya Kimoraviani na Kilutheri yalikuwapo kabla ya vita. Wajukuu wa waliokwenda Burma bado wapo, na wengine wanazo nishani na vitambulisho vya babu zao sandukuni. Wilaya ya Kyela, shule zake na makanisa yake yanaweza kuanza kuandika orodha kijiji kwa kijiji, wapagazi kwanza kisha askari, na kuipeleka kwa Tume hiyo na kwenye nyaraka za taifa. Mkataba wa 1890 uliwagawa watu hawa bila kuwauliza, na majeshi mawili yaliwatumia bila kuwaandika. Kuwaandika ni kazi yetu, na muda wa kuwauliza wanaokumbuka unazidi kupungua.